Zoni za diski zimepanuka, imipenemu imesinyaa: kosa liko wapi?

SWALI: Nafanya kazi maabara ya hospitali ya mkoa, upande wa mikrobiolojia. Tunapima usugu wa bakteria kwa njia ya diski (vikaratasi vyenye dawa) kwenye agari ya Mueller-Hinton, jeli ya kuoteshea bakteria, sahani za mm 90. Kwa wiki kadhaa sasa kontroli yetu, E. coli ATCC 25922, bakteria wa kuhakiki kipimo ambaye majibu yake yanajulikana, haikai sawa. Zoni, yaani duara lisiloota bakteria kuzunguka diski, ya jentamisini inasoma mm 28 hadi 29, kotrimoksazoli 31 hadi 32, seftriaksoni 37. Hapo hapo imipenemu imeshuka hadi 24. Tulifungua boksi jipya la diski za jentamisini, hakuna kilichobadilika. Poda ya agari ni ile ile ya siku zote, lita moja inatutolea sahani 58 hivi. Umeme huku unakatika mara kwa mara. Je, tubadilishe kontroli au poda? Na majibu ya wagonjwa tuendelee kuyatoa?

JIBU: Kontroli msiibadilishe, na poda iacheni kwanza. Mna makosa mawili yanayokwenda pamoja na kufichana: sahani zenu ni nyembamba, na diski zenu za imipenemu zimepoteza nguvu. Yote mawili umeyataja mwenyewe kwenye swali, moja kwenye hesabu ya sahani 58 na lingine kwenye umeme.

Kuhusu majibu ya wagonjwa, pambanueni upande ambao kosa linaegemea. Sahani nyembamba inapanua zoni, kwa hiyo bakteria aliyesomeka kuwa sugu kwa jentamisini, kotrimoksazoli au seftriaksoni kwenye sahani hiyo ni sugu kweli, na jibu hilo linaweza kutoka. Aliyesomeka kuwa nyeti ndiye wa kushikilia, hasa zoni yake ikiwa imezidi mpaka wa kuitwa nyeti kwa milimita mbili tatu tu. Mfano: tangu mwaka 2023 CLSI (taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara) inataka jentamisini ifike mm 18 ndipo E. coli aitwe nyeti, zamani ilikuwa 15. Bakteria mwenye zoni halisi ya mm 16 akipimwa kwenye sahani zenu anaweza kusomeka 19, na daktari akaandika jentamisini kwa mgonjwa ambaye huenda isimfae. Majibu ya imipenemu yasitoke kabisa, yawe nyeti au sugu, kwa sababu hapo makosa mawili yanavutana na hamjui lipi limeshinda.

Sasa tuangalie namba zenyewe. Kwa kontroli hii viwango vya CLSI na vya EUCAST (kamati ya Ulaya ya vipimo vya usugu) kwenye dawa hizi vinafanana: jentamisini ya mikrogramu 10 iwe kati ya mm 19 na 26, kotrimoksazoli ya 1.25/23.75 iwe 23 hadi 29, seftriaksoni ya 30 iwe 29 hadi 35, imipenemu ya 10 iwe 26 hadi 32. Tatu za kwanza zimepita juu kwa milimita mbili tatu kila moja. Dawa hizi hazifanani kwa lolote. Jentamisini inategemea pH na madini ya kalsiamu na magnesi yaliyomo kwenye agari. Kotrimoksazoli inasumbuliwa na thaimidini ikizidi kwenye poda. Seftriaksoni haina shida sana na hayo yote. Tatizo lingekuwa pH, jentamisini ingeyumba na seftriaksoni ingebaki pale pale. Lingekuwa thaimidini, kotrimoksazoli peke yake ingeumia, tena kwa zoni kuwa ndogo na kujaa ukungu. Dawa tatu zisizohusiana zikipanda pamoja kwa kiasi kinachokaribiana, tafuta kitu ambacho zote zinakipitia: unene wa agari, wingi wa bakteria waliopakwa, au joto la inkubeta.

Ili kuona kwa nini unene unahusika, fuata safari ya dawa. Diski ya karatasi yenye kipenyo cha mm 6 inapogusa agari, dawa inaanza kuyeyuka pale pale na kusambaa pembeni na kwenda chini. Wakati huo huo bakteria wanaanza kuzaliana. Ukingo wa zoni unaamuliwa ndani ya saa chache za mwanzo, pale ambapo bakteria wameshakuwa wengi kiasi kwamba dawa iliyowafikia haitoshi kuwazuia. Saa zote zinazobaki mpaka asubuhi ni za kuufanya ukingo huo uonekane kwa macho. Agari ikiwa nyembamba, dawa haina kina cha kushukia, inabaki kwa wingi juu na kusukumwa pembeni, zoni inapanuka. Bakteria wakiwa wachache, wanachelewa kufikia idadi ya kuishinda dawa, zoni inapanuka vilevile. Inkubeta ikiwa ya baridi ni hivyo hivyo, kwa sababu bakteria wanazubaa huku dawa ikiendelea kusambaa.

Hesabu ya unene haina ugumu. Sahani ya mm 90 ina eneo la sentimita za mraba 63.6 hivi. Agari inatakiwa iwe na unene wa mm 4, na EUCAST inaruhusu nusu milimita juu au chini. Hiyo ni mililita 25 kwa sahani, yaani lita moja itoe sahani 40. Nyinyi mnapata 58, kwa hiyo kila sahani inapata mililita 17 na ushei, na unene wake ni mm 2.7. Najua kinachosababisha hivyo, poda ni ghali na oda inachelewa. Lakini milimita hiyo moja na robo iliyopungua ndiyo inayowapandishia zoni. Wengine hufikiri sahani kubwa za mm 150 zitaokoa poda, haziokoi. Zinahitaji mililita 70 na zinabeba diski 12, karibu mililita 6 kwa diski, wakati ya mm 90 yenye diski tano inatumia mililita 5. Mkitaka kubana matumizi, punguzeni idadi ya dawa mnazopima kwa kila sampuli kulingana na zile ambazo hospitali yenu inazo kweli kwenye famasi. Ujazo wa sahani msiuguse.

Baadhi ya sahani za plastiki zina kipenyo cha ndani pungufu ya mm 90, wakati mwingine 85 au 86 tu. Pimeni kwa rula sehemu ya ndani, kisha pigeni hesabu upya kabla ya kuweka ujazo wenu wa kudumu. Yenye 85 inataka mililita 23 tu.

Kwenye kumimina, poda nyingi za Mueller-Hinton ni gramu 38 kwa lita ya maji yaliyokenekwa (distilled), lakini someni kopo lenu. Yeyusheni yote mpaka isionekane chembe, otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15, kisha iacheni ipoe hadi nyuzi 45 mpaka 50 kwenye bafu la maji. Ikimiminwa ya moto sana, mvuke unajikusanya kwenye mifuniko na matone yanaanguka juu ya agari. Meza ndiyo inayosahaulika zaidi. Wekeni pimamaji la fundi ujenzi juu ya meza, pande zote mbili. Meza iliyoinama kidogo inatoa sahani yenye mm 3 upande mmoja na 5 upande mwingine, na zoni zake zinakuwa na umbo la yai. Tumieni silinda ya kupimia au pipeti kubwa, si jicho. Agari iliyobaki ikaganda msiiyeyushe tena kwa ajili ya kipimo hiki.

Kila toleo likishaganda, chukueni sahani moja, ikateni kwa wembe katikati na kwenye kingo mbili, inueni kipande kikasimame kando ya rula, andikeni namba tatu kwenye daftari. Sahani hiyo imekufa, lakini imewalinda zile 39 nyingine. Pimeni na pH ya toleo: gandisheni agari kidogo kwenye bika kuzunguka elektrodi, isome 7.2 hadi 7.4 ikiwa kwenye joto la chumba. Karatasi za kupima pH hazitoshi hapa.

Kabla ya kuhitimisha kwamba ni unene tu, ondoeni shaka ya wingi wa bakteria. Angalieni sahani za kontroli za jana kwa nyuma. Utando wa bakteria ukiwa umeungana kila mahali, au karibu uungane, mchanganyiko wa bakteria uliopakwa ulikuwa mzito wa kutosha. Mkiona koloni moja moja zilizoachana, mchanganyiko ulikuwa mwepesi na sahani hiyo haifai kusomwa hata kama agari yake ina mm 4 kamili.

Uzito wa mchanganyiko huo unalinganishwa na neli ya ukungu iitwayo kipimo cha McFarland 0.5; kinachotengenezwa maabara ni mililita 0.5 za bariamu kloridi ya asilimia 1.175 kwenye mililita 99.5 za asidi ya salfuriki ya asilimia 1. Kisomeni kwenye spektrofotometa, nanomita 625, njia ya mwanga ya sentimita 1: iwe 0.08 hadi 0.13. Kinakaa gizani, kinatikiswa vizuri kila kinapotumiwa, na kinasomwa upya kila mwezi. Bariamu salfeti ikishaanza kugandamana na kuonekana kama chembe, kimwageni. Neli yake na neli ya mchanganyiko wenu ziwe na upana mmoja, na mlinganishe mbele ya kadi nyeupe yenye mistari myeusi. Koloni zichukuliwe tatu hadi tano zinazofanana, za usiku mmoja, kutoka agari isiyo na dawa za kuchagua bakteria. Usihesabu koloni ukadhani umemaliza. Kinachotakiwa ni uzito wa ukungu kwenye neli.

Swabu iviringishwe ikibanwa ukutani mwa neli juu ya maji ili ibaki na unyevu bila kudondosha, ipake sahani nzima, geuza nyuzi 60, paka tena, geuza, paka mara ya tatu, malizia kwenye ukingo. Muda ni robo saa mara tatu: mchanganyiko utumike ndani ya dakika 15, diski ziwekwe ndani ya dakika 15 baada ya kupaka, sahani ziingie inkubeta ndani ya dakika 15 baada ya diski. Mkichelewesha diski zoni zinabana, maana bakteria wametangulia. Mkiweka diski kisha sahani zikakaa mezani, zoni zinapanuka, maana dawa imetangulia. Kwenye maabara yenye watu wawili na sampuli nyingi kosa hili la pili ni la kila siku: mtu anapanga diski kwenye sahani ishirini ndipo azipeleke zote. Pelekeni tano tano. Na humo ndani msirundike zaidi ya tano, za katikati zinachelewa kupata joto. Joto liwe nyuzi 35, hewa ya kawaida. Mtungi wa mshumaa hauhusiki na E. coli, kaboni dayoksaidi yake inafanya uso wa agari uwe na asidi, na jentamisini inadhoofika.

Diski ikishagusa agari haisogezwi hata ikiwa imekaa vibaya, kwa sababu dawa imeshashuka. Ibonyezeni kwa kibano ishike sawasawa. Kutoka kitovu cha diski moja hadi kitovu cha nyingine kuwe na mm 24 au zaidi. Kwa kontroli hii, ambayo seftriaksoni na imipenemu zinatoa zoni za mm 30 hivi au zaidi, tano kwenye sahani moja zinagongana. Wekeni nne, na hizo mbili zisikae jirani.

Turudi kwenye imipenemu. Imesoma 24 kwenye sahani ambayo kila kitu kingine kimepanda. Kwenye sahani ya mm 4 ingeshuka zaidi ya hapo, pengine 21 au 22. Kwa hiyo msishangae mkirekebisha unene kisha imipenemu ikaonekana imeharibika zaidi. Haijaharibika zaidi, imevuliwa nguo tu. Kati ya dawa mnazotumia, hii ni miongoni mwa zile zinazovunjika upesi kwa unyevu na joto. Klavulaniki, inayochanganywa na amoksilini ili kuilinda, nayo ni hivyo hivyo. Jentamisini, kotrimoksazoli na siprofloksasini zinavumilia sana, ndiyo maana boksi jipya la jentamisini halikubadilisha chochote: la zamani halikuwa na kosa.

Akiba ya diski ikae kwenye friza ya nyuzi 14 chini ya sifuri au baridi zaidi, na friza isiwe ya aina inayojiyeyusha barafu yenyewe, kwa sababu hiyo inapasha na kugandisha kila mara. Katriji (kichupa cha diski) inayotumika ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ndani ya chombo chenye silika ya kunyonya unyevu, na kwa imipenemu ni afadhali itoke friza siku ile ile ya kutumika. Kabla ya kufungua chombo, kiacheni mezani kikiwa kimefungwa saa moja hadi mbili. Ukikifungua kingali baridi, hewa ya chumba inaacha umande juu ya diski na uharibifu unaanza hapo. Silika ikibadilika rangi kuashiria imeshiba, ibadilisheni. Kwa habari ya umeme, wekeni ndani ya friza kipimajoto kinachohifadhi joto la juu na la chini kabisa, mkisome kila asubuhi na kuandika, na nafasi tupu zijazeni vifurushi vya barafu. Kipimajoto cha kawaida asubuhi kitawaonyesha friza iliyopoa tena baada ya kukaa saa sita bila umeme usiku.

Wakati mnasubiri diski mpya, meropenemu ni imara kuliko imipenemu na inaweza kushika nafasi yake kwa E. coli na ndugu zake, ikipitishwa kwanza kwenye kontroli.

Kuna mtego mmoja hapa ambao hamkuuliza. Kama diski za imipenemu zimeharibika, za amoksilini na klavulaniki zilizokaa friza ile ile zina shaka kubwa, na ATCC 25922 haitawaambia. Bakteria huyu hana bitalaktamezi, kimeng'enya cha kuvunja amoksilini, amoksilini peke yake inamtosha, kwa hiyo zoni itakuwa nzuri hata klavulaniki yote ikiwa imekufa. Anayefichua hilo ni E. coli ATCC 35218, mwenye kimeng'enya cha aina hiyo kiitwacho TEM-1. Kwake diski ya amoksilini na klavulaniki ya mikrogramu 20/10 iwe mm 17 hadi 22. Ikishuka chini ya hapo, klavulaniki imeondoka. Naye ana tabia yake: kimeng'enya kiko kwenye plazmidi (kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu) inayoweza kupotea akioteshwa tena na tena, basi mtoeni upya kwenye akiba iliyogandishwa badala ya kumrudiarudia miezi.

Kuthibitisha yote haya kunahitaji siku mbili. Kutoka chupa moja ya agari, mimineni sahani mbili za mililita 25 na mbili za mililita 17. Paka zote kwa mchanganyiko mmoja wa ATCC 25922, diski kutoka katriji zile zile, inkubeta rafu ile ile. Kesho yake, zile nene zikirudi ndani ya viwango na nyembamba zikibaki juu, unene umekiri. Kisha rudieni imipenemu kwenye sahani nene, diski za sasa kwa diski za kifurushi ambacho hakijapitia friza yenu. Kosa likipatikana na kurekebishwa na kontroli ikakaa sawa, majibu yanaanza kutoka. Kama hamtaona sababu ya wazi, pimeni kontroli siku tano mfululizo, zote ziwe ndani ya viwango, kabla ya kurudi kwenye ratiba ya kawaida.

Kwenye kusoma sahani hizo, igeuzeni nyuma, ikae sentimita chache juu ya kitu cheusi kisichong'aa, mwanga utoke juu, na msome pale ambapo jicho tupu halioni ukuaji. Kipenyo kinajumuisha diski, kwa hiyo pasipo na zoni huandikwa 6, si sifuri. Kotrimoksazoli ndiyo inayogombanisha wasomaji: pale ukuaji hafifu unapoanza usihesabu, soma kwenye ukingo ulio dhahiri ambapo ukuaji umepungua kwa asilimia 80. Kosa la kusoma ukungu ule linapunguza zoni, kwa hiyo si ndilo lililowapandishia hadi 32.

Jedwali la viwango liwe la mwaka huu na la taasisi moja. Mbali na dawa nne ulizotaja, CLSI na EUCAST zinatofautiana hata kwenye nguvu ya diski: sefotaksimu ni mikrogramu 30 kwa CLSI na 5 kwa EUCAST, seftazidimu ni 30 kwa 10. Ukiweka diski ya huku na kusoma jedwali la kule, namba yoyote utakayoandika haina maana.

Na poda? Ikithibitika kuwa unene ndio uliokosea, iendelee. Toleo jipya likija, lipimeni kabla ya kuliingiza kazini: Pseudomonas aeruginosa ATCC 27853 na jentamisini, mm 17 hadi 23, ili kujua madini yako sawa (yakizidi zoni inabana, yakipungua inapanuka), na Enterococcus faecalis ATCC 29212 na kotrimoksazoli, zoni safi ya mm 20 au zaidi isiyo na vikoloni ndani, ili kujua thaimidini haijazidi. Likikwama hapo, mrudishieni msambazaji na karatasi za vipimo hivyo, zenye namba ya toleo na tarehe ya kufungua kopo.